Kocha wa Maisha au Mshauri Nasaha: Pa Kupiga Hodi
Mada iliyowasilishwa kwa wakazi katika kikao cha uhamasisho kuhusu afya ya akili



Mama mboga ana kibanda sokoni na anataka kufungua cha pili. Analala vizuri na anakula vizuri, lakini kila mwaka unaisha kabla hajaanza. Jirani yake alimzika mkewe miezi sita iliyopita. Hapati usingizi, hana hamu ya chakula, na kazi ameiacha. Wote wawili wameambiwa, "Tafuta mtu wa kuongea naye." Mtu huyo si mmoja.

Mama mboga anaweza kusaidiwa na kocha wa maisha. Kocha hatibu. Humwuliza mteja anataka kufika wapi, kinachomzuia ni nini, na atafanya nini kabla ya wiki ijayo, kisha humfuatilia. Kazi hii ilikua sana Marekani katika miaka ya 1990, na shirika la kimataifa la makocha, ICF, lilianzishwa mwaka wa 1995.

Jirani anahitaji mshauri nasaha au mwanasaikolojia. Huyu amesomea kuwahudumia watu wenye majonzi yasiyoisha, sonona, uraibu au majeraha ya dhuluma. Hutafuta chanzo cha maumivu, hata kama ni cha utotoni, na humtuma mgonjwa kwa daktari dawa zikihitajika.

Sheria pia inawatofautisha. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka wa 2014 inawataka wataalamu hao wasajiliwe na bodi yao. Makocha hawana bodi kama hiyo. Yeyote anaweza kujiita kocha. Kwa hivyo, kabla ya kulipa, mwananchi aulize: Umesomea wapi? Siri zangu utazitunzaje? Kocha mwaminifu akiona dalili za ugonjwa humwelekeza mteja kwa mtaalamu. Anayeahidi kuponya sonona kwa maneno ya kutia moyo aepukwe.

Huzuni au kukosa hamu ya mambo kukidumu wiki mbili au zaidi, mhusika afike katika kituo cha afya kilicho karibu. Anayewaza kujiua asingoje hata siku moja, wala asiachwe peke yake. Nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu hupigwa bila malipo.