Picha ya Theluji na Picha ya Kanzu

Maneno yetu ya leo yahusu kupiga picha mahali penye weupe mwingi, kama vile penye theluji. Labda mtu wa Majengo, hapa Songea, atauliza: sisi na theluji wapi na wapi? Na angojee kidogo, maana jambo liharibulo picha ya theluji ndilo liharibulo picha ya bibi arusi.

Tutazame kwanza Kilimanjaro. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji juu ya mlima huo, na wataalamu wengine wa Ulaya wakakataa kusadiki, kwa kuwa mlima u karibu na Ikweta. Siku hizi hakuna abishaye. Watu hupanda hata kileleni, mita 5,895, nao huchukua kamera. Lakini wengi hurudi na picha ambazo theluji yake ni ya kijivu kama majivu. Sababu ni nini?

Ndani ya kamera mna kipimo cha nuru. Kipimo hicho hakijui kitu kilicho mbele yake; hudhani kila kitu kina weupe wa wastani, yaani hurudisha nuru kadiri ya sehemu 18 katika 100. Theluji mpya hurudisha sehemu 80 au zaidi. Basi kipimo hudhani jua limezidi, kikapunguza nuru iingiayo. Theluji huwa kijivu, na mtu asimamaye mbele yake huwa kama kivuli.

Dawa yake ni kuongeza nuru. Kamera nyingi zina alama za kuongeza na kupunguza: ongeza hatua 1 hata 2. Kila hatua huzidisha nuru mara mbili. Mwenye simu aguse uso wa mtu katika kioo, kisha aongeze nuru kidogo kidogo. Lakini asipite kiasi, maana weupe ukiungua, mikunjo ya theluji hufutika wala hairudi.

Sasa turudi nyumbani. Mzee mwenye uso mweusi amevaa kanzu nyeupe, amesimama juani penye ukuta wa chokaa. Kipimo chaona kanzu na ukuta. Uso wa mzee wapotea gizani. Hapa pia ongeza nuru, au, iliyo bora zaidi, mwombe mzee asogee kivulini chini ya mwembe, ambapo mwanga na giza havishindani sana. Na akisimama mbele ya mlango wenye giza, mambo hugeuka: kipimo huongeza nuru kupita kiasi, na kanzu huungua. Hapo punguza.

Msidhani haya ni mchezo tu. Wataalamu walipima wakaona ya kuwa barafu iliyofunika Kilimanjaro mwaka 1912, sehemu 85 katika 100 zilikuwa zimekwisha kutoweka mwaka 2007. Picha njema ya barafu iliyobaki ni ushahidi kwa watakaokuja. Kadhalika mzee wetu: pengine picha moja ndiyo wajukuu watakayomjulia, nao watataka kuuona uso wake, si kanzu yake.

Basi shikeni neno hili fupi: penye weupe mwingi, ongeza, penye weusi mwingi, punguza. Kwaherini.