Mkopo wa Halmashauri na Kodi ya Mfanyabiashara Mdogo wa Kariakoo

Serikali inapotoa fedha kuchangamsha uchumi, mlipakodi hutaka kujua kwanza kama fedha hizo zitahesabiwa kuwa mapato yake. Marekani ililijibu swali hilo ndani ya sheria yenyewe: malipo ya mwaka 2020 na 2021, dola 1,200, kisha 600, kisha 1,400, yalihesabiwa kuwa nafuu ya kodi iliyotangulizwa. Hayakutozwa kodi, na aliyestahili zaidi ya alichopokea alidai kilichobaki kwenye ritani yake. Kenya mwaka 2020 ilipitisha nafuu katika kodi moja kwa moja, ikashusha kodi ya mauzo ya biashara ndogo kutoka asilimia 3 hadi 1. Tanzania, kwa mfanyabiashara mdogo wa soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam, msaada wa serikali ulio karibu naye ni mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo iliwekwa kisheria mwaka 2018, ikasitishwa 2023 na kurejeshwa 2024. Mada hii inatetea hoja moja: mkopo huo si mapato, lakini huweza kumpandishia mkopaji kodi, na kinachoweza kumkinga ni kumbukumbu za biashara yake.

Chanzo cha tatizo ni namna kodi inavyokokotolewa. Mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 100 hutozwa kwa mfumo wa makadirio, unaoangalia mauzo badala ya faida. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mauzo yasiyozidi milioni 4 hayana kodi. Yakizidi hapo hadi milioni 7, asiyetunza kumbukumbu hulipa 100,000, na anayezitunza hulipa asilimia 3 ya kiasi kilichozidi milioni 4. Tuchukue mama mwenye meza ya vitenge Mtaa wa Kongo, anayeuza milioni 4 kwa mwaka. Kikundi chake kinapata mkopo, na fungu lake ni milioni 1. Anafuata mzigo, anauuza kwa milioni 1.2, anarejesha milioni 1 na kubaki na 200,000. Mauzo yake sasa ni milioni 5.2. Akiwa na daftari, kodi ni 36,000, yaani asilimia 18 ya faida iliyoletwa na mkopo. Akiwa hana, ni 100,000: nusu ya faida hiyo imekwenda. Marejesho ya mkopo hayampunguzii chochote, kwa kuwa mfumo huu hauulizi mtaji ulitoka wapi wala mzigo ulinunuliwa kwa bei gani.

Hata hivyo, sheria inamruhusu mfanyabiashara kujitoa katika makadirio na kutozwa kwa faida. Tangu Julai 2020, mapato ya mtu binafsi yasiyozidi 270,000 kwa mwezi, sawa na 3,240,000 kwa mwaka, hayatozwi kodi. Kama faida yote ya mama huyu kwa mwaka ni milioni 1, kwa njia hii hadaiwi kitu, sawasawa na mwajiriwa mwenye kipato kama chake. Kodi anayolipa leo inatokana na kukosa uthibitisho wa faida yake ilivyo ndogo.

Wapo watakaosema makadirio yaliwekwa makusudi kwa ajili ya wasioweza mahesabu. Ni kweli, na kwa wengi yanafaa. Lakini kikundi hakipewi mkopo huu bila katiba, akaunti ya benki na andiko la mradi. Watu waliokwisha kuandika mapato na matumizi wanayoyatarajia wanaweza kufundishwa kuandika yaliyotokea. Pingamizi zito zaidi ni la usawa: kwa nini aliyekopeshwa na halmashauri apate nafuu kuliko aliyekopa kwa ndugu au kwenye kikoba? Pingamizi hili linabomoa pendekezo la kusamehe kodi mauzo yatokanayo na mkopo, maana msamaha huo ungezaa pia udanganyifu: kila robota lingedaiwa limetoka halmashauri. Haliigusi hoja ya kumbukumbu, kwa sababu daftari humlinda kila mfanyabiashara, awe amekopa au hajakopa. Wengine watahofia mapato ya serikali. Lakini mgomo wa wafanyabiashara wa Kariakoo wa Mei 2023, uliomleta Waziri Mkuu kuzungumza nao Mnazi Mmoja, ulionesha kwamba ukusanyaji usioaminika nao una gharama yake, hata maduka kufungwa.

Mapendekezo ni mawili. Kwanza, mafunzo yanayotangulia mkopo yawe na somo la kodi linaloendeshwa pamoja na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), na kila mwanakikundi aondoke na daftari lenye safu nne: manunuzi, mauzo, gharama na marejesho. Pili, ofisi ya kodi ya eneo iwaeleze wakopaji, kabla ya kuwakadiria, kwamba wanaweza kuchagua kutozwa kwa faida. Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ambayo Kariakoo imo ndani yake, ni miongoni mwa 10 zilizoteuliwa kujaribu utoaji wa mikopo hii kupitia benki. Kumbukumbu za benki zikiungana na daftari la mkopaji, mauzo yanayokua kwa sababu ya mkopo hayatachukuliwa tena kama utajiri mpya.