Soko la Ng'ambo na Lugha ya Karatasi

Hotuba iliyosomwa Mwamgongo katika sherehe ya miaka kumi ya Chama chetu



Nimeombwa kunena juu ya biashara ya nchi na namna ya kuiwezesha kushindana na ya wengine. Jambo hili hujadiliwa sana mijini, lakini kwetu lipo mbele ya macho. Siku ya anga safi twaiona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, na Burundi si mbali kwa mashua.

Soko lililo wazi si geni katika pwani hii. Zamani chumvi ya Uvinza ilivushwa ziwa hili. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa mapatano ya mwaka 1921 Waingereza waliwapa Wabelgiji sehemu ya bandari ile, kwa kodi ya faranga 1 kwa mwaka, ili mizigo yao ipite bila ushuru. Mlango ulikuwa wazi, naam. Lakini mkulima wa Kigoma hakuulizwa neno.

Leo twaulizwa. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kongo mwaka 2022. Tena tumejaliwa lugha: Muha na Mrundi husikilizana bila mkalimani, na Kiswahili kilichovuka na misafara ya Ujiji katika karne ya 19 ndicho kinenwacho Uvira na Kalemie. Kwa hiyo wengi wetu twadhani tumekwisha kujua yatupasayo. Hapo twajidanganya.

Miaka michache iliyopita nilifuatana na mwanachama mmoja kupeleka maharagwe ng'ambo. Bei ilipatanwa kwa Kiswahili safi, kwa chai na mizaha. Kisha ikaletwa karatasi ya Kifaransa, naye akatia sahihi. Alipodai fedha zake alionyeshwa mstari uliosema kwamba malipo ni baada ya siku 60. Alirudi mikono mitupu, na mkewe akauza mbuzi 2 ili watoto waende shule. Simtaji jina, yumo humu, na naona anacheka.

Wapo wanenao kwamba heri tuuze hapa hapa. Siafiki. Mavuno yakiwa mengi bei ya hapa huanguka, na wadudu hawangoji ghalani.

Kamati yaomba sehemu ya fungu la elimu iwasomeshe vijana 4, wa kike 2 na wa kiume 2, Kifaransa cha hesabu na mikataba. Kiingereza, kitakiwacho Mpulungu kule Zambia, kifuate baadaye, kwani shuleni wamekwisha kukigusa. Wengine wangependa fedha hizo zinunue mizani mpya. Mizani yetu ni mbovu, sikatai; lakini siku ile mizani haikumpotezea mwenzetu hata senti moja.

Kura itapigwa alasiri. Nakala ya karatasi ile imebandikwa mlangoni, kwa yeyote awezaye kuisoma.