Wakati wa Kuandika Wasia
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama mkutanoni)



Leo hatutasema habari za mishahara. Twataka kusema habari za vile vilivyonunuliwa kwa mishahara hiyo: kiwanja, shamba, ng'ombe, pikipiki, akiba ya ushirika. Siku mwenyewe akifa, ni nani atakayevipata?

Wengi wetu husema, "Wasia ni wa wazee na matajiri." Wengine huogopa kwamba kuuandika ni kujiitia kifo. Basi twangoja ugonjwa. Lakini mgonjwa aweza kupotewa na fahamu, na sheria yataka mwenye wasia awe mtu mzima mwenye akili timamu. Tena ajali haina kinga: waulizeni ndugu wa bandarini na wa viwandani.

Wako na wasemao, "Nimekwisha mwambia ndugu yangu, yatosha." Haitoshi. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika Kenya tarehe 1 Julai 1981, yaukubali wasia wa mdomo ikiwa ulisemwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na msemaji akafa katika miezi 3. Akifikisha mwezi wa nne, maneno yale hayana nguvu tena.

Kwa hiyo wakati ni sasa, tungali wazima. Uandike, utie sahihi mbele ya mashahidi wawili, nao watie sahihi zao mbele yako. Wasiwe wale unaowaachia mali, maana shahidi aliyeandikiwa fungu aweza kulikosa.

Kisha usiufungie sandukuni ukausahau. Ukioa au ukiolewa, wasia wa zamani hufutika, isipokuwa uliandikwa kwa kuitazamia ndoa hiyo. Ukipata mtoto au ukinunua shamba, usome tena. Fomu ya akiba ya uzeeni nayo itazame: kama bado ina jina uliloandika ulipokuwa kapera, fedha zaweza kumpita mkeo.

Ndugu zetu Waislamu wanayo sheria yao ya mirathi, ambayo wasia hauvuki theluthi moja ya mali. Hao wamwulize kadhi.

Wala mtu asifikiri wasia ni fimbo ya kumpigia mke au mtoto. Aliyenyimwa riziki yake aweza kwenda mahakamani akapewa fungu.

Ndugu, ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa watakaoumia ni wajane na yatima. Chama humtetea mfanyi kazi angali hai. Akisha kufa, karatasi yake ndiyo itakayosema.