Shahada ya Sheria Haimfanyi Mtu Wakili

(Mazungumzo ya mwandishi wetu mbele ya walimu na watumishi wa Serikali)



Nimeombwa nizungumze juu ya kijana anayeanza kazi ya uwakili. Nimekubali kwa sababu karibu kila mmoja wetu hapa ana mtoto, au mwanafunzi wake wa zamani, aliyemaliza shahada ya sheria, akapigwa picha na joho, na nyumbani wakaanza kumwita wakili kabla hajawa wakili.

Uingereza kazi hii imegawanyika: yuko wakili wa kuandaa hati na kumshauri mteja, na yuko wa kusimama mbele ya jaji. Sisi Tanzania Bara hatuna mgawanyiko huo. Wakili wetu ni mmoja. Asubuhi yuko mahakamani, jioni anaandika mkataba wa kuuza shamba. Hana budi kuyajua yote mawili.

Mwaka 1961, Kitivo cha Sheria kilipofunguliwa katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, Waafrika wenye elimu ya sheria nchini walihesabika kwa vidole. Haja ya wakati ule ilikuwa kupata watu. Leo watu tunao. Chini ya sheria ya mwaka 2007, mwenye shahada hupitia kwanza Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ndipo apeleke maombi kwa Jaji Mkuu, aapishwe, na jina lake liandikwe katika daftari la mawakili.

Mwaka 2022 taasisi hiyo ilitoa matokeo yaliyotushtua: kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Kelele zilikuwa nyingi. Wengine walilaumu mitihani, wengine vyuo, na Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Lakini liko swali ambalo sikulisikia sana: je, kijana huyu amewahi kumsikiliza mtu mwenye shida mpaka mwisho?

Chukueni mfano wa mjane anayedai shamba la marehemu mumewe. Hatasema kwamba anadai haki yake katika mirathi. Ataanza na mwaka wa njaa, aje kwa shemeji aliyeazima jembe asirudishe, afike kwenye mwembe uliokuwa mpakani na sasa umekatwa. Katika maelezo ya saa nzima mna mambo matatu tu ambayo hakimu atayataka. Kuyatambua hayo matatu, bila kumkatiza wala kumdharau mama yule, ndiko kuanza uwakili. Kijana wetu amesoma miaka yote kwa Kiingereza. Ukimwuliza kwa Kiswahili shauri la mjane limesimama wapi, anababaika. Na tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama!

Mwaka huohuo mawakili waliruhusiwa kuingia Mahakama za Mwanzo zinazoongozwa na hakimu mkazi, ambako zamani mlango ulikuwa umefungwa kwao. Huko ndiko waliko wananchi wengi. Lakini vijana wanabanana Dar es Salaam wakisubiri mikataba ya makampuni. Sisemi wafanye kazi kwa njaa. Wana kodi ya nyumba kama sisi. Nasema mwaka mmoja wilayani humfunza mtu zaidi ya miaka mitatu ya kubeba mkoba wa mkubwa wake mjini.

Ndugu walimu, kazi hii inaanzia kwenu. Mtoto aliyezoea kukariri majibu tangu shule ya msingi hawezi kugeuka msikilizaji siku ya kuapishwa. Mpeni kisa, akisimulie upya kwa maneno yake.

Nanyi watumishi, mnaletewa vijana hawa kujifunza kazi ofisini, na mara nyingi tunawatuma chai. Kijana akija kwako Jumatatu, mkalishe pale anapopokelewa mlalamikaji, kisha mwulize yule mwananchi alikuwa anataka nini hasa.