Kutafuta Kazi kwa Simu

Leo twazungumza habari za mama atungaye shanga, na mchoraji, watafutao kazi kwa simu. Mwenye kuunda programu ya kazi hizo asianze kwa kuuliza cheti. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, hakusomea uchoraji chuoni. Picha zake ndizo zilizomtambulisha. Basi picha ya kazi itangulie, kisha bei, kisha mahali. Maneno yawe machache, tena ya Kiswahili. Sharti la malipo lisifichwe chini kwa herufi ndogo. Nawe ukidaiwa fedha kwanza ili upewe kazi, usitume hata shilingi. Sasa shikeni kalamu, mwandike: natengeneza nini, kwa bei gani?