Kujitayarisha kwa Shahada ya Pili ya Usimamizi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Twataka kusema juu ya jambo ambalo siku hizi huletwa mbele ya wazee mara kwa mara. Zamani mzee aliombwa kuchangia karo ya mtoto aingiaye sekondari. Baadaye akaombwa kwa ajili ya yule aendaye chuo kikuu. Sasa huja mtu mzima, mwenye nyumba na watoto, mwenye kazi afisini au kiwandani, akasema, "Wazee, nimekubaliwa kusoma shahada ya pili ya usimamizi, nisaidieni." Wako wazee wanaouliza: Je, masomo hayana mwisho? Na fedha ya bonasi itakwenda huko hata lini? Maswali hayo ni ya haki, na yapasa yajibiwe.

Jibu letu ni hili: masomo hayo yana faida kubwa kwa nchi ya chai, lakini kwa yule tu aliyejitayarisha, na matayarisho huanza hapa nyumbani, kabla ya kulipa shilingi ya kwanza.

Usimamizi ni elimu ya kuongoza watu, fedha, vyombo na wakati, ili kazi itimie bila hasara. Shahada ya pili ya elimu hiyo ilianza Marekani, katika Chuo Kikuu cha Harvard, mwaka 1908. Hapa Kenya hutafutwa na mtu aliyekwisha kupata shahada ya kwanza, na kwa kawaida huchukua miaka miwili: kwanza madarasa ya hesabu za fedha, uchumi, masoko na uongozi wa watumishi, kisha utafiti na kuandika tasnifu. Wala elimu ya juu haiko mbali nasi tena. Kabianga, ambayo wazee waliijua kwa shule yake ya Serikali, ina Chuo Kikuu kilichopewa hati yake mwaka 2013. Na mwaka 2017 chuo kiliundwa Bomet chini ya Chuo Kikuu cha Moi.

Kwa nini elimu hii itufae sisi? Kwa sababu mkulima mdogo wa chai si mchumaji tu. Viwanda kama Litein, Kapkatet, Mogogosiek, Kapkoros na Tirgaga ni makampuni ya wakulima wenye hisa, nao ndio wachaguao wakurugenzi. Basi mwenye mali asiyeweza kusoma hesabu ya mali yake ana hali gani? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Na tupige hesabu ndogo. Kilo nne na nusu hivi za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu. Tuseme kiwanda kimepokea kilo 1,000,000 za majani. Kwa kadiri hiyo kitatoa chai kilo 222,000 na zaidi kidogo. Lakini kama kila kilo moja ya chai imetaka kilo tano za majani, kitatoa kilo 200,000 tu. Kilo zaidi ya 22,000 zimepotea, wala hakuna mwizi aliyeonekana. Je, majani yalilundikana kituoni yakapata joto? Je, gari lilichelewa kwa ubovu wa barabara? Je, uchumaji ulikuwa wa majani magumu badala ya majani mawili na chipukizi? Mtu aliyejifunza usimamizi sawasawa huyauliza maswali hayo mapema, wala hangoji mwezi wa Oktoba watu waje kunung'unikia bonasi.

Liko na swali zito kuliko hilo. Mwezi wa Mei mwaka 2023 zilizuka ghasia katika mashamba makubwa ya Kericho. Mashine za kuchuma chai zikachomwa moto, na maisha ya mtu yakapotea. Mwenye shamba hutazama gharama. Mchumaji hutazama chakula cha watoto wake. Kuwaweka hao wawili meza moja kabla ya moto kuwaka ni kazi ya msimamizi hasa, na vitabu vilivyoandikwa ng'ambo haviwezi kutufanyia.

Kwa hiyo, tayarisho la kwanza ni swali. Aendaye kusoma na achukue swali moja la kwao, alilolitazama kwa macho yake: usafirishaji wa majani, hesabu za chama cha akiba na mikopo, au kazi ya wachumaji. Wengi humaliza madarasa wakakwama katika tasnifu, kwa kuwa hawakujua watakalo kulitafuta. Mwenye swali lake tangu siku ya kwanza huwa amekwisha kuvuka nusu ya mto.

La pili ni kuhakikisha chuo. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ndiyo inayothibitisha vyuo na masomo yake. Mtu na aulize huko kabla ya kulipa, wala asiamini tangazo la barabarani.

La tatu ni kunoa akili. Aliyekaa miaka mingi mbali na darasa na arudie hesabu za asilimia, ajifunze kusoma mizania, na ajizoeze kuandika ukurasa mmoja ulio wazi kila juma.

La nne ni fedha. Na aandike karo ya miaka yote miwili, nauli, vitabu na gharama za utafiti, si karo ya muhula wa kwanza peke yake. Aulize kama mwajiri wake atamsaidia, na kama Halmashauri ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa mwaka 1995, yaweza kumkopesha. Lakini asiuze shamba la chai. Mchai uliotunzwa huwalisha wajukuu. Shahada haigawanywi kwa warithi.

La tano ni nyumba. Mke au mume na ashauriwe kwanza, kwa kuwa yeye ndiye atakayebeba mzigo wa jioni na Jumamosi ambazo mwenzake atakuwa darasani.

Wala umri usimtishe mtu. Marehemu Dk. Taaitta Toweett, mtu wa nchi hii yetu, alikuwa amekwisha kuwa Waziri kabla ya Uhuru, naye udaktari wake wa isimu aliupata katika Chuo Kikuu cha Nairobi miaka ya 1970.

Sasa twaomba Chama kifikirie mambo matatu. Kwanza, karo ya watoto wa msingi na sekondari itangulie. Mtu mzima mwenye mshahara asimnyang'anye yatima kiti chake. Pili, mwenye kuomba msaada wa shahada ya pili alete mbele ya Halmashauri swali lake na hesabu yake kwa maandishi. Tatu, akisaidiwa, asimame katika Mkutano Mkuu kila mwaka aeleze alichojifunza, na akimaliza awafundishe wanachama, kwa lugha waielewayo, namna ya kusoma hesabu za kiwanda chao.

Tukifanya hivyo, mzee atoaye shilingi mia hatauliza tena fedha yake imekwenda wapi. Ataona mwenyewe, siku atakaposhika karatasi ya hesabu katika mkutano wa kiwanda na kumwuliza mkurugenzi swali ambalo hana budi kulijibu.